Mpodo uliochimbwa uani: ukate wapi, uache nini

Swali: "Yaya, jambo. Kwenye parseli yetu hapa Himbi, Goma, kulikuwa na mpodo (Podocarpus) ambao marehemu baba alikuwa anaupunguza kama ua, miaka na miaka. Tulipojenga ukuta wa mawe ikabidi uondoke. Niliung'oa na mizizi yake mwezi wa kumi, nikautia kwenye beseni kubwa la plastiki, na sasa umejaa machipukizi kila mahali, hata kwenye shina tupu. Chini una unene wa chupa ya bia. Ulikuwa na mashina mawili. Moja nililikata kwa panga, kimebaki kisiki cha urefu wa kiganja. Mjomba aliye Ubelgiji kanitumia picha ya bonsai (mti unaolelewa uwe mdogo ndani ya chungu) ya mtaksusi: nusu yake mti mkavu mweupe, nusu majani mabichi. Nataka wangu uwe vile. Nianzie wapi? Kisiki nikimenye? Na akinitumia mbegu za mtaksusi, zitaota huku?"

Mdogo wangu, kisiki usikimenye. Naanza na hilo kwa sababu najua picha za namna ile zinavyowasha mikono, na gome likishatoka halirudi.

Mtaksusi wa kwenye picha ni mti wa Ulaya, Taxus baccata. Wajapani nao wana wa kwao, Taxus cuspidata. Ni mti usio na haraka hata kidogo, na kwa sababu hiyo mbao yake imeshikana, ni nzito, ina kiini chenye wekundu wa chungwa kilichofunikwa na tabaka jembamba la mti mweupe. Waingereza wa zamani walichonga pinde za vita kwa mbao hiyo. Meli ya Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikainuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982, na ndani yake zikakutwa pinde za mtaksusi ambazo bado ni pinde. Mbao ya aina hiyo ukiimenya ukaiacha nje inakaa miaka mingi bila kuoza. Watu wa bonsai huipaka dawa ya chokaa na salfa mara moja moja, ikawa nyeupe, basi. Tawi lililokaushwa hivyo huliita jin, na shina lililomenywa ubavu huliita shari. Ni maneno ya Kijapani utakayokutana nayo kila mahali.

Mpodo hauna mbao hiyo. Muulize seremala yeyote: ataisifu kwa sababu ni ya manjano hafifu, imenyooka, inakubali randa, inafaa dari na makabati. Halafu muulize kama angeifanyia nguzo ya ua. Atacheka. Mpodo ukinyeshewa unaingia weusi wa ukungu, wadudu wanatoboa, unaanza kulainika. Na sisi Goma mvua inaanza mwezi wa tisa, inapumzika kidogo Januari na Februari, inaendelea hadi Mei. Kisiki chako kikimenywa leo kitafanana na ile picha kwa miezi michache, kisha kitakuwa kijivu, kisha cheusi, na siku moja utabonyeza kwa ukucha ukucha uzame. Hapo kuoza kutakuwa kumeshashuka kwenye shina ulilobakiza. Dawa ya chokaa na salfa ingepunguza mwendo tu. Tena nakuomba usijaribu kuichemsha mwenyewe jikoni, kwa sababu inatoa hewa yenye sumu.

Kwa hiyo yale ya mtaksusi tunayachukua nusu. Tunaacha mbao, tunachukua matawi. Hata kwenye mitaksusi bora kabisa, weupe wa mti mkavu ndio unaoshika jicho la mgeni, lakini mtu wa kazi huangalia namna vitawi vinavyogawanyika viwili viwili hadi ncha. Hilo mpodo unaliweza vizuri sana.

Unaliweza kwa sababu miti hii miwili, ingawa ni ya familia tofauti, ina tabia moja ambayo jamaa zao wengi hawana: inachipua kwenye mti mzee usio na jani. Tazama ua wa sipre mtaani kwenu ambao mtu aliukata akapitiliza sehemu ya kijani. Pale palipokatwa pamebaki shimo la kahawia, na pataendelea kuwa hivyo mpaka ua ung'olewe. Sipre haitoi jicho jipya la kuchipua kwenye mti mkavu. Mpodo wako umetoa machipukizi kwenye shina tupu, na mtaksusi ungefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana Ulaya bonsai nyingi za mtaksusi zilianza kama yako: ua wa bustani ya zamani ulioondolewa ili kupisha kitu kingine. Baba yako alikuwa anakata ua, lakini kila alipokata alikuwa anafupisha mti huku shina likinenepa, na hiyo ndiyo kazi ndefu kuliko zote katika bonsai. Ungeanza na mche wa kitaluni ungeingoja miaka kumi na zaidi.

Kabla ya msumeno, hakikisha mti umeshika. Machipukizi peke yake si ushahidi, maana mti uliong'olewa unaweza kuchipua kwa akiba iliyomo shinani halafu ukafa. Shika shina chini, litikise polepole: likicheza ndani ya udongo, mizizi bado. Angalia pia majani mapya. Yanatoka ya kijani cha ndimu, laini kama karatasi iliyolowa, na baada ya wiki kadhaa yanakuwa mazito na ya kijani kizito. Yakifika hapo na juu yake yakatoka machipukizi ya awamu ya pili, mizizi inafanya kazi. Kama bado, uache hadi mvua za mwezi wa tisa. Na hata ukiwa tayari, kwa msimu mmoja fanya jambo kubwa moja tu. Mizizi, msumeno na waya kwa pamoja ndivyo vinavyoua mipodo mingi iliyochimbwa.

Ukiwa tayari, beba beseni uliweke juu ya meza, macho yako yawe usawa wa katikati ya shina. Bonsai haitazamwi kutoka juu. Kwa kijiti ondoa udongo wa juu polepole mpaka uone mizizi minene inapoachana na shina. Zungusha beseni. Utafute upande ambao mizizi imetanuka zaidi kushoto na kulia, na shina halikujii usoni wala halikukimbii. Huo ndio uso wa mti. Kisiki usikifiche nyuma kabisa. Kiache ubavuni, kidogo kuelekea mbele. Tutakifanyia kitu.

Hukuniambia urefu wa shina lililobaki. Kwa unene wa chupa ya bia, yaani sentimita 7 hivi, mti uliokamilika ungekaa vizuri kwenye sentimita 40 hadi 45, mara sita ya unene wa chini. Kama shina linazidi hapo bila tawi la maana, likate juu kidogo ya chipukizi lenye nguvu lililo mbele au ubavuni, mkato ukielekea nyuma kwa mteremko. Chipukizi hilo ndilo litakuwa shina jipya. Litaonekana la kuchekesha mwanzoni, uzi juu ya gogo. Liache likimbie bila kuliguza hadi linenepe.

Sasa kisiki. Kifupishe kwa msumeno wenye meno madogo, ubakize vidole viwili, mkato uiname ili maji yasikae. Panga huacha nyuzi zilizochanika, na huko ndani ndiko ukungu unakoanzia. Kisha chukua kisu chenye makali ya wembe, usafishe ukingo wa gome kuzunguka mkato. Chini ya gome kuna utando mbichi, wa kijani cha maziwa, unateleza kwenye kidole. Ukikuta kahawia kavu, punguza zaidi mpaka ukutane na ubichi huo. Hapo ndipo gome jipya litaanzia kujiviringisha kuingia ndani.

Katikati ya kisiki chonga shimo kwa patasi ndogo, lizame kuliko ukingo. Chini kabisa ya shimo toboa kwa keke kijitundu cha milimita 5 au 6 kinachotokea nyuma ya shina kwa mteremko, ili mvua ikiingia itoke. Mbao iliyo wazi iguse kwa chuma kilichowekwa kwenye makala hadi kikawa chekundu, juu juu tu, iwe nyeusi, bila kukaribia ukingo mbichi. Ukingo wenyewe upake nta ya nyuki iliyolainishwa kwa matone ya mafuta ya kula. Usipake rangi, usipake udongo. Na kama kuna machipukizi mawili karibu na ukingo, yaache mwaka mzima hata kama hayana nafasi kwenye mti wako wa baadaye: yanavuta utomvu hadi kwenye kidonda, kinafunga haraka, ndipo unayatoa. Mwisho wake utapata pango dogo lenye mdomo wa mviringo. Linaonyesha umri wa mti kuliko kijiti cheupe ambacho kingeoza.

Tuje kwenye machipukizi. Utakuta mahali pamoja yametoka matano au sita kwa mkupuo. Ukiyaacha yote, pale panavimba kifundo ambacho hutakiondoa kamwe. Bakiza moja, mawili ukiwa na wasiwasi, na uchague yanayotoka ubavuni mwa shina au nyuma yake. Yanayotoka mbele kabisa chini, toa. Tawi la kwanza liwe karibu na theluthi ya urefu, la pili juu kidogo upande mwingine, la tatu nyuma kwa ajili ya kina. Matawi ya chini usiyakate ncha mwaka huu hata yakikuudhi kwa urefu. Mpodo unapenda kukimbia juu; ukipunguza chini na juu kwa usawa, juu patashinda na tawi la chini litabaki uzi.

Kuhusu umbo, niruhusu ugomvi mdogo. Kuna mtindo wa kuufanya kila mti uwe pembetatu yenye vitanda vya majani vilivyopangwa kama ngazi, mtaksusi, mpodo, hata mkuyu. Mimi sioni sababu. Mtaksusi mzee ni mpana, wa mviringo, mara nyingi umepasuka. Ule wa Fortingall huko Scotland, ambao wengine huukadiria miaka 2,000 na wengine 3,000 au zaidi, shina lake limegawanyika vipande na katikati pametoweka. Mpodo wa mlimani nao ukizeeka unafungua kichwa cha duara. Ukibahatika kupanda kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, tazama mipodo ya kule, ndiyo mwalimu wako wa umbo. Itazame tu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1970 na Urithi wa Dunia tangu 1980, hata mche wa kidole hautoki mle.

Waya. Kinachouzwa kwa urahisi Goma ni ule mweusi wa kufungia vyuma vya beto. Ni chuma, unapata kutu, na kwa kuzungushia tawi unachubua gome. Utumie kwa kazi moja tu: kuvuta tawi nene chini kama kamba ya hema, ncha moja ukingoni mwa beseni na nyingine kwenye tawi, ukiweka kipande cha mpira wa baiskeli kati ya waya na gome. Kwa kuzungushia unahitaji shaba au alumini. Shaba ipo ndani ya kebo kuukuu za umeme (Katanga wanaichimba kwa malori, sisi tunaichimba kwenye kebo), ila ujue aliyekuuzia ameitoa wapi. Menya plastiki kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Waya mtupu uweke kwenye makala usiku ili uone rangi. Ukiwa mwekundu hafifu utoe, uache upoe. Sasa umelainika. Ukishaukunja mara moja unakakamaa, ndiyo maana shaba nyembamba inashika tawi ambalo alumini lazima iwe nene mara mbili ili ilishike.

Unene wa alumini uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Funga matawi mawili jirani kwa waya mmoja, katikati yake ukipita nyuma ya shina angalau mzunguko mmoja, vinginevyo ukikunja tawi hili lile litanyanyuka. Mizunguko ikae kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, imegusa gome bila kulibana, na pale unapotaka kona, waya upite upande wa nje wa kona. Majani yasinaswe chini ya waya. Yainue kwa kidole unapopita. Kisha kunja kwa vidole gumba vyote viwili, polepole, ukisikiliza. Mpodo mchanga unakubali sana. Tawi likishapata gome la kahawia linadanganya: linainama, linainama, halafu linapasuka kwenye kwapa, pale linapotoka shinani. Mtaksusi nao una ubaya huohuo. Kwa hiyo kwapa lishike kwa mkono mmoja wakati wote, na kama tawi ni nene kuliko kidole kidogo, livute kwa kamba kidogo kidogo kila wiki badala ya kulimaliza siku moja.

Hapa Goma kuna tofauti ambayo maelekezo ya Ulaya na Japani hayakuambii. Kule waya unafungwa wakati wa baridi na mti umelala, unaweza kukaa miezi mingi. Huku mti haulali. Mvua zikianza, tawi linaweza kunenepa hadi waya ukazama kwenye gome ndani ya wiki chache, na alama ya mzunguko ule haitoki kwa miaka. Kagua kila wiki mbili. Ukiona gome limeanza kuvimba pembeni ya waya, ukate mzunguko mmoja mmoja kwa koleo. Usiufungue kwa kuuzungusha, utavunja vitawi ulivyovilea.

Kurembesha, yaani kuugawanya mti hadi vitawi vya mwisho, ndiko kunakochukua miaka. Mashina na matawi unaweza kuyapanga kwa msimu mmoja. Vitawi havipangwi, vinalelewa. Kanuni ya mtaksusi na ya mpodo ni moja: acha chipukizi likue hadi majani yakomae, kisha kata. Ukikata likiwa bado laini la kijani cha ndimu, umechukua mkopo ambao mti haujalipwa. Ukingoja majani yakawa mazito, chipukizi limesharudisha kilichotumika, na mkato utaamsha macho mawili au matatu nyuma yake. Bakiza majani manne hadi sita kwenye chipukizi jipya. Yakitoka matatu, bakiza mawili yanayoenda kushoto na kulia, ondoa linaloelekea juu au linaloning'inia chini. Yakikomaa, rudia. Kila mara tawi linagawanyika, majani yanakuwa mengi zaidi na mafupi zaidi.

Mkasi upite kati ya majani, ukate kitawi chenyewe. Jani la mpodo likikatwa katikati linabaki na ncha ya kahawia kwa muda wote litakaoishi, na majani haya yanaishi muda mrefu. Kwa sababu hiyo mkasi mkubwa wa ua uliokuwa wa baba sasa uning'inize ukutani. Mkasi ule hutengeneza ganda la majani nje na giza ndani, na ndani yenye giza haichipui. Wewe unataka kinyume: mara mbili kwa mwaka keti na mti, utoe majani mazee ya chini ya kila kitawi, hasa yanayotazama ardhini, mpaka mwanga ufike kwenye shina. Wenye mitaksusi Ulaya hufanya hivyo kabla ya baridi kuingia. Sisi tufanye mwezi wa tisa kabla ya machipukizi, na tena Februari.

Juu kata mapema na fupi, chini chelewa na acha ndefu. Hiyo ndiyo njia ya kuhamisha nguvu kutoka kichwani hadi matawi ya chini, na ukiisahau kwa msimu mmoja utaiona. Juni hadi Agosti usikate sana. Mwagilia, kagua waya, pumzika. Beseni likae kwenye jua la asubuhi na uligeuze robo kila wiki mbili. Kivulini majani yanakuwa marefu na mti unachukua umbo la miche ya msituni, ambayo majani yake ni makubwa kuliko ya mti mzima.

Nimebakiza udongo na maji, na hapa watu wa Goma mna bahati moja na tatizo moja.

Bahati ni volkano. Najua neno hilo halisemwi kwa wepesi kwenye mji uliopitiwa na lava ya 2002 hadi ziwani, na 2021 ikafika tena ukingoni mwa mji. Lakini mawe mepesi yenye matundu, mekundu au meusi, yanayookotwa kuuzunguka mji, ndiyo ambayo watu wa bonsai Ulaya wananunua kwenye mifuko kwa bei ya chakula. Yanashika maji ndani ya matundu na kuacha hewa katikati. Usichanganye na kokoto za ujenzi zilizopasuliwa kutoka lava nzito: hizo hazina matundu ya kutosha, maji yanapita kama kwenye chupa. Jaribu kwa mkono. Jiwe zuri ni jepesi kuliko unavyotarajia. Liponde, lichekeche mara mbili, ubakize punje za milimita 3 hadi 6, uzioshe mpaka maji yatoke safi. Vumbi likibaki litaziba chini ya beseni na kuozesha mizizi. Sehemu mbili za mawe hayo kwa sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri inatosha. Wasomaji wa Bukavu, ambao udongo wenu mwekundu ukilowa unakuwa tofali, gunia moja kwenye boti la Goma litawafaa zaidi kuliko mbolea yoyote.

Kubadilisha udongo kwenye beseni lako kungoje mwaka mzima baada ya kuung'oa, mwanzo wa mvua, macho yanapovimba. Utakapofungua mizizi utakuta shanga ndogo nyeupe zimejipanga kwenye mizizi myembamba. Usishtuke ukafikiri ni minyoo ya mizizi inayoharibu nyanya. Mpodo unazaa vifundo hivyo kwa asili, na ndani yake wanaishi kuvu wanaousaidia kupata chakula. Kwa sababu yao usioshe mizizi yote kwa maji. Ondoa nusu ya udongo wa zamani, nusu iende na mti kwenye udongo mpya. Hakikisha tu beseni lina matundu chini. Kama ulipanda bila kutoboa, toboa leo, hili haliwezi kungoja.

Tatizo ni maji. Maji ya Ziwa Kivu, yawe ya bomba au ya bidoni, yana chumvichumvi na pH inayokaribia 9. Ua wa mboga unavumilia kwa sababu mvua inasafisha ardhi. Kwenye beseni chumvi inabaki. Baada ya kiangazi kimoja utaona utando mweupe juu ya mawe, na majani mapya yatatoka ya manjano huku mshipa wa katikati ukibaki kijani, kwa sababu mizizi haipati chuma. Mtaksusi wa Ulaya unaishi hata juu ya miamba ya chokaa, lakini mpodo umezoea udongo wa msitu wenye uchachu kidogo. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, ukiacha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza, hasa siku ambazo moshi wa volkano ya Nyiragongo umelala upande wa mjini. Kiangazi kikikulazimisha kutumia ya ziwani, mwaga mengi mpaka yatiririke chini, na mvua ikirudi acha beseni nje linyeshewe sana. Majivu yakianguka, suuza majani siku hiyohiyo. Chakula, samadi ya sungura iliyooza, kiganja kimoja juu ya udongo kila mwezi wakati wa mvua. Mti wenye njaa hautoi majani madogo, unatoa majani machache.

Chungu cha bonsai chenyewe usikinunue bado. Beseni pana linanenepesha tawi la chini kuliko chungu kizuri, na tawi hilo linahitaji misimu mitatu minne.

Mbegu za mtaksusi mwambie mjomba aziache. Zinalala ardhini mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine miaka miwili au mitatu, na zinahitaji miezi ya baridi kali ili ziamke. Mti wenyewe pia unategemea majira ya baridi ambayo Goma haina. Juu ya hayo majani yake, gome na mbegu vina sumu iitwayo taxine ambayo inasimamisha moyo. Ng'ombe na farasi hufa kwa kula matawi yaliyotupwa baada ya kupunguza ua, na parseli za kwetu zina mbuzi na watoto. Kama anataka kutuma kitu, atume waya wa alumini wa milimita 1.5, 2.5 na 4. Na ukitaka miti zaidi, tafuta mpodo jike, maana dume hauzai, uliosimama nje ya hifadhi na kwa ruhusa ya mwenyewe. Okota mbegu zilizoanguka, ondoa nyama yake, uzipande wiki hiyohiyo kabla hazijakauka, kwenye mawe yaleyale ya lava yaliyochanganywa na mboji.